Mbwa na kuku katika ua mmoja: nini hasa kinachowaweka salama

Wafugaji wa nyumbani huuliza sana: ni mbwa gani asiyekula kuku? Anayeuliza huwa tayari ana kuku wanaozurura uani, na sasa anatafuta mbwa wa kulinda kwa sababu vibaka wamezidi mtaani. Au ana mbwa wake wa siku nyingi, na shemeji kamletea jogoo mmoja na matetea wanne kutoka kijijini. Anataka atajiwe aina ya mbwa, akainunue, alale kwa amani.

Hakuna aina ya mbwa ya kumtajia. Nyumba ambazo mbwa na kuku wamekaa miaka bila maafa zinafanana katika jambo moja: wenye nyumba wamepanga ua wao, saa zao na milo ya wanyama wao hivi kwamba kuku anayekimbia hakutani na mbwa aliye huru pasipo mtu kuwepo. Tabia ya mbwa inasaidia, na mafunzo yanasaidia sana, lakini vyote viwili vinategemea mpangilio huo. Naliandika hili kwa uchungu kidogo, maana nimeona mbwa wema wakitiliwa sumu au kutupwa porini kwa kosa ambalo komeo la bei ndogo lingelizuia.

Mbio ndizo zinazomwasha

Mbwa ni mnyama wa kuwinda, na kuwinda kwake kuna hatua zinazofuatana: kukazia macho, kunyemelea, kufukuza, kukamata, kuua, kisha kurarua na kula. Binadamu alipozalisha mbwa kwa kazi tofauti alizikuza baadhi ya hatua hizo na kuzififisha nyingine. Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, hukazia macho, hunyemelea na kufukuza, na kazi yake inaishia hapo. Retriever hukamata ndege aliyepigwa risasi na kumleta bila kumtafuna. Terrier alizalishwa kuua panya, na kwake kuona na kuua havipishani sana. Mbwa wetu wa kienyeji hakuchaguliwa kwa kazi moja, kwa hiyo katika uzao mmoja unaweza kupata anayelala huku vifaranga wakimparura mgongoni, na nduguye asiyevumilia hata kivuli cha kuku. Ndiyo maana inabidi umchunguze mbwa uliye naye, si jina la aina yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kila hatua inamfurahisha mbwa yenyewe kwa yenyewe. Hahitaji njaa ili afukuze. Umpe ugali na dagaa mpaka ashindwe kusimama, kuku akipiga mbawa na kukimbia mbele yake bado miguu itamwasha. Na kuku ni mnyama anayekimbia, anayeruka na kupiga kelele. Hufanya kila kitu kinachomchokoza mwindaji.

Hili pia ndilo linaloeleza yale mauaji yanayowashangaza watu, ambapo mbwa ameingia bandani usiku na asubuhi mizoga yote iko chini, hakuna hata mmoja aliyeliwa. Watu husema mbwa huyo ana roho mbaya. Lakini wanyama wengi wawindaji hufanya hivyo wanapokutana na mawindo yasiyoweza kutoroka. Hans Kruuk, mtafiti aliyewafuatilia fisi wa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alieleza tukio la usiku mmoja wa Novemba 1966 ambapo fisi wapatao 19 waliua swala tomi 82 na kuwajeruhi wengine 27, kisha wakala sehemu ndogo tu ya nyama. Kwa kawaida windo la kwanza likishakamatwa, mengine yote yameshakimbia. Ndani ya banda lililofungwa hakuna pa kukimbilia, na kila kuku anayeruka anaianzisha upya ile mbio.

Basi ule usemi kwamba mbwa akishaonja damu haponi una ukweli wa nusu. Kinachomnasa ni utamu wa kufukuza na kukamata. Mbwa aliyefukuza kuku mara tatu, hata kama hakumpata, atakuwa mwepesi zaidi kufukuza mara ya nne. Mchezo wa mtoto wa mbwa kuwatimua kuku uani huku watoto wa nyumba wakicheka ndio mwanzo wa msiba wa baadaye, na mbwa atakapotimiza miezi minane atakuwa na nguvu za kuua kwa mchezo ule ule.

Kumpiga hakufundishi

Ziko dawa za zamani: kumfunga mbwa mzoga wa kuku shingoni mpaka uoze, kumchapa kwa huo mzoga, kumtia yai la moto mdomoni ili aache kuiba mayai. Mimi nazipinga zote. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake ndani ya sekunde chache tu. Ukirudi jioni ukamchapa kwa kuku aliyekufa saa nane mchana, anachojifunza ni kwamba wewe ukirudi nyumbani ni hatari. Yai la moto linaunguza ulimi na kaakaa, na kinachopatikana ni mbwa mwenye kidonda anayeogopa mikono ya watu.

“Lakini anajua amekosa, mtazame alivyoinamisha kichwa!” Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Aliona kwamba ule uso wa hatia hutokea mwenye mbwa anapokaripia, iwe mbwa amekosa au hakukosa. Mbwa anausoma uso wako na sauti yako, anajinyenyekeza. Uso huo si ushahidi kwamba anamkumbuka kuku.

Zamu ya mchana na zamu ya usiku

Nyumba nyingi za mijini kwetu, kuanzia Goba ya Dar es Salaam hadi Ruiru ya Kenya, tayari zinafuata zamu bila kuipa jina. Mchana mbwa yumo bandani, kuku wako nje. Usiku kuku wamefungiwa, mbwa ameachiwa alinde. Ni mpango mzuri kuliko watu wanavyoudhania. Umeme ukatike au usikatike, wageni waje wasije, viumbe hawa wawili hawagusani. Nafuu nyingine ni kwamba kwetu huku karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, kwa hiyo ratiba haihami hami.

Mpango huu huvunjika saa za kupokezana. Alfajiri, jogoo ameshawika, mtu kafungua banda la kuku kabla ya kumrudisha mbwa. Magharibi, mbwa kafunguliwa wakati tetea mmoja bado anaparura nyuma ya choo. Kanuni ya kuweka ni fupi: anayeingia huingia kabla anayetoka hajatoka. Jioni kuku waingie, wahesabiwe, komeo lifungwe, ndipo mbwa afunguliwe. Asubuhi mbwa aingie, afungiwe, ndipo banda la kuku lifunguliwe.

Kuhesabu ni lazima, na hasa kwa kuku wa kienyeji, maana daima yuko mmoja anayependa kulala juu ya mwembe au kwenye ukuta. Huyo atashuka mwenyewe alfajiri, mbwa akiwa bado nje. Mkamate usiku akiwa amelala umwingize bandani kwa siku kadhaa mfululizo, wengi huzoea. Wale wanaoruka uzio, wapunguze manyoya marefu ya bawa moja tu. Wakikosa mizani hawapandi juu, na manyoya huota tena baada ya kupukutika.

Kazi hii iwe ya mtu mmoja anayejulikana, awe dada wa kazi, mlinzi au kijana wa nyumba. Ikiwa ya kila mtu, siku ya msiba au ya sherehe, geti likiwa wazi na watu wakiingia na kutoka, itakuwa haina mwenyewe.

Kuna upande mmoja wa desturi hii unaoniuma. Mbwa wengi hushinda kwa muda wa saa kumi na mbili katika kibanda ambamo hata kugeuka ni shida, na matundu ya mbele yanaangalia pale pale kuku wanapoparura. Kutwa nzima mnyama anaona mawindo yakipita karibu na pua yake na hawezi kuyafikia. Hamu inajilimbikiza, halafu siku komeo likiteleza tunashangaa. Banda la mbwa liwe na nafasi ya kutembea, kivuli na maji, na mlango wake uelekee upande ambao kuku hawapiti. Kama haiwezekani, ziba sehemu ya chini kwa mabanzi au mabati. Kisha mtoe kwa kamba asubuhi na jioni, atembee, anuse dunia. Mbwa aliyetembezwa ana utulivu ambao huwezi kuupata kwa fimbo.

Wavu, msingi na komeo

Wavu laini wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, unamzuia kuku kutoka. Haumzuii mbwa kuingia. Mbwa wa kilo ishirini huuchana kwa meno na makucha. Mahali mbwa anapofika weka weldimeshi, yaani wavu wa nyaya ngumu zilizochomelewa, au ukuta wa matofali hadi usawa wa kiuno na wavu juu yake. Mbwa huchimba, kwa hiyo wavu uzikwe kama sentimita 30, au ulazwe juu ya ardhi kwa nje upana wa nusu mita hivi na kukandamizwa kwa mawe. Mbwa huanza kuchimba pale uzio unapogusana na ardhi, naye hukutana na wavu. Matundu yawe madogo kiasi kwamba kuku hawezi kutoa kichwa, maana kuku wengi hupoteza vichwa kwa kuchungulia tu.

Mlango ufungukie nje. Mbwa akiusukuma anazidi kuufunga. Komeo liwe la kusukuma na kuzungusha, kwa sababu kamba na misumari iliyopindwa mbwa hujifunza kuifungua. Gharama hizi hazipotei: uzio unaomzuia mbwa wako ndio utakaomzuia mbwa wa jirani, nguchiro, kicheche na mwizi mvivu.

Kumfundisha

Kama una bahati ya kuanza na mtoto wa mbwa, anza mapema. Utafiti wa John Paul Scott na John Fuller, uliofanyika Bar Harbor huko Marekani katikati ya karne iliyopita, ulionyesha kwamba kuanzia wiki ya tatu hadi karibu ya kumi na mbili mtoto wa mbwa hujenga picha ya viumbe gani ni wa kawaida katika maisha yake. Akiwaona kuku kila siku katika wiki hizo, akiwa mikononi mwa mtu au nyuma ya wavu, watakuwa sehemu ya nyumba. Na kama kuna mama kuku mwenye vifaranga uani, atampa somo ambalo wewe huwezi kulitoa. Tetea aliyefura manyoya huogopwa hata na mbwa wakubwa. Simama karibu tu, mdomo wa kuku usifike machoni.

Baada ya hapo kuna kipindi kigumu, kuanzia miezi sita hadi mwaka na nusu. Mbwa aliyekuwa mpole huanza michezo ya kijana. Wengi humwamini mapema mno na kumwacha huru wakati huu.

Mbwa mkubwa naye hufundishika, ila kwa subira. Mtembeze kwanza achoke kidogo. Kuku wawe ndani ya wavu, wewe uwe na mbwa kwenye kamba, mbali kiasi kwamba anawaona lakini bado anakusikia. Akiwatazama kisha akageuza uso kwako, hapo hapo mpe kipande cha nyama au dagaa na umsifu. Unachokinunua ni kule kugeuza uso. Mfundishe pia neno moja la kukataza, “acha”, kwanza kwa vitu vya kawaida kama mfupa au kiatu, ndipo ulilete mbele ya kuku. Songa karibu hatua kwa hatua, kwa wiki, si kwa siku. Hata kuku watakapotolewa nje, kamba ndefu ibaki shingoni.

Jifunze kumsoma. Mbwa anayenusa ardhi, anayepiga mwayo, anayejilaza ubavu, yuko salama kwa sasa. Anayebweka na kutikisa mwili wote ana jazba, na jazba inaweza kutulizwa. Wa kuogopwa ni yule aliyenyamaza ghafla: mdomo umefungwa, masikio mbele, mwili umekakamaa, macho hayapepesi. Huyo yuko tayari katika hatua ya kwanza ya uwindaji, mwondoe kabla hajafika ya pili. Na wakiwa wawili usitegemee alichokuonyesha kila mmoja peke yake. Mmoja akianza mbio, mwenzake hufuata.

Wapo mbwa ambao hawatafundishika kwa hili, hata ufanye nini. Si wabaya. Wape uzio na zamu maisha yao yote, na kuku wako watazeeka.

Je, mbwa anaweza kuwalinda kuku?

Anaweza. Karibu na mji wa Warrnambool, Australia, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Middle Island ambako pengwini wadogo walikuwa wakiliwa na mbweha waliovuka maji yanapokupwa. Kufikia 2005 walikuwa wamebaki wasiofika kumi. Mfugaji kuku wa eneo hilo, ambaye kuku wake walilindwa na mbwa wa Kiitalia aina ya Maremma, ndiye aliyetoa wazo la kuwapeleka mbwa hao kisiwani. Walianza kazi mwaka 2006 na pengwini wakaongezeka. Lakini mwaka 2017, hali ya hewa mbaya ilipowazuia mbwa kufika kisiwani, mbweha waliingia na kuua zaidi ya pengwini mia moja. Namibia nako, shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo tangu 1994.

Mbwa hao wametoka katika ukoo uliochaguliwa kwa karne nyingi kwa ulegevu wao wa kuwinda, hulelewa kati ya mifugo tangu utoto, na bado husimamiwa katika umri wa michezo. Mbwa wa geti hakupewa malezi hayo. Hata hivyo harufu yake na kubweka kwake usiku huwafukuza kicheche, kanu na paka-mwitu, na hilo linatosha kumfanya awe na thamani kwa kuku ambao hata hajui kama anawalinda.

Bakuli la mbwa

Mbwa mtulivu wa miaka mitano anaweza kuua kuku kwa sababu ya ugali. Kuku ni wadokozi, wanaingia bakulini mbwa akiwa anakula, naye anang'ata bila kufikiri. Mlishe mbwa ndani ya banda lake au wakati kuku wamefungiwa, na ukusanye bakuli akimaliza. Katika nyumba za Waislamu wa pwani tahadhari hii ipo tayari, kwa kuwa chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na vyombo vyake havichanganywi na vingine. Ni desturi ambayo kuku nao hufaidika nayo.

Chakula cha kuku nacho kisimfikie mbwa. Baadhi ya vyakula vya viwandani huwekwa dawa za kuzuia koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara wa kuku, kama monensini na salinomaisini, ambazo kwa mbwa ni sumu ya misuli na mishipa ya fahamu. Pumba zilizomwagika huleta panya, panya huleta sumu ya panya, na mbwa hula panya aliyekufa. Zifungie pumba kwenye pipa lenye kifuniko. Mayai yaokotwe mapema. Mbwa asiyekuta yai hajifunzi kuiba yai. Siku ya kuchinja mbwa awe mbali, asimwone kuku akitapatapa, na mifupa iliyopikwa asipewe, kwa kuwa huvunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo.

Viroboto, mdondo na mengine wanayogawana

Ukiona vidoti vyeusi vimeganda kwenye undu wa kuku na kuzunguka macho, tazama masikio ya mbwa. Kuna kiroboto anayenata, ambaye hujichimbia kichwani kwa kuku na haruki ukimgusa. Hushika pia mbwa, hasa pembezoni mwa masikio na kati ya vidole. Kifaranga mmoja akijaa hao hupofuka au hufa kwa kuishiwa damu. Mayai ya viroboto huanguka chini na kukulia katika vumbi kavu la bandani. Kwa hiyo ukitibu kuku pekee watarudi kutoka kwa mbwa, ukitibu wote wawili watarudi kutoka ardhini. Fagia, choma takataka, badilisha matandazo, na utibu wanyama wote wiki hiyo hiyo. Mafuta ya mgando yakipakwa juu ya viroboto vilivyoganda huwaziba pumzi. Dawa ya kuogeshea mbwa usimpake kuku bila kumuuliza mtaalamu wa mifugo, maana nyingine hubaki kwenye mayai.

Mbwa hula vinyesi vya kuku, na humo hupata salmonela na kampilobakta, bakteria wa kuharisha. Yeye anaweza asiumwe kabisa, akamramba mtoto usoni. Mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na watoto wanawe kwa sabuni.

Kuku aliyekufa kwa mdondo (kideri, au Newcastle) asitupiwe mbwa, ingawa ndivyo wengi wafanyavyo. Mbwa ataburura mzoga hadi kwa jirani na kueneza manyoya na virusi njiani. Fukia shimo refu au choma, na kuku wapewe chanjo ya mdondo ya matone ya machoni kila baada ya miezi mitatu. Kwa mafua ya ndege hatari inamgusa mbwa mwenyewe: mwaka 2023 nchini Kanada mbwa alikufa baada ya kutafuna bata bukini wa porini aliyekuwa na ugonjwa huo.

Ajali ikitokea

Mtenge kuku aliyeng'atwa mara moja. Wenzake wakiona damu watamdonoa. Mweke kwenye boksi, mahali pa giza, joto na kimya, kwa sababu wengi hufa kwa mshtuko kuliko jeraha. Akitulia, fungua manyoya utafute matundu ya meno, ambayo kwa nje hayaonekani. Safisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, paka iodini. Ngozi ikivimba kwa hewa, meno yamefika kwenye mifuko ya pumzi, naye anahitaji daktari. Vidonda vya meno ya mbwa huoza haraka hata vikiwa vidogo.

Kama kuku ni wa jirani, nenda wewe kwanza kabla hajaja yeye, ulipe.

Na kama mbwa aliyeishi na kuku miaka mingi amebadilika ghafla, anawarukia kuku, kuni, hata mnyororo wake, mate yanamtoka na sauti imebadilika, usimkaribie kumchapa wala kumtuliza. Huenda ni kichaa cha mbwa. Wafungie watu na wanyama mbali naye, ita ofisi ya mifugo, na yeyote aliyeng'atwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa alichanjwa. Kuku aliyeng'atwa na mbwa wa namna hiyo hachinjwi kwa kitoweo. Daktari wa mifugo ndiye atakayesema afanywe nini.